Saa Nne ya Bibi Mwajuma

Siku ya kuniaga ofisini walinipa saa ya ukutani. Ilifungwa kwa karatasi ya maua, na mgeni rasmi aliposema kwamba nimelitumikia taifa kwa moyo na kompyuta, watu walipiga makofi na keki ikakatwa. Sidhani kama kuna aliyekaa akafikiri. Katika watumishi wote wa Lindi waliostaafu mwaka huu, mimi ndiye nisiyestahili kuonyeshwa saa. Nimeiweka juu ya kabati, uso umeelekea ukutani, na nyinyi vijana mliobaki kwenye chumba cha kompyuta mkiniuliza sababu, sababu ndiyo hii ninayoiandika.

Habari za vyeo sizigusi. Hazikuwa nyingi na hazinifurahishi. Nitaandika habari za kazi.

Nilipoajiriwa kwenye kituo cha walimu pale Lindi, nilikuta chumba chenye kompyuta za msaada zilizokuja na kontena. Zilikuwa zimeshastaafu huko zilikotoka, tena kabla mimi sijaanza kazi. Mkuu wa kituo alinikabidhi ufunguo akasema, "Dada Zuhura, mtaalamu ni wewe," akaenda zake. Kompyuta zote zilikuwa na virusi. Mwalimu akichomeka flashi anatoka navyo, anavipeleka shuleni kwake Sudi, na mwalimu mwingine wa Sudi anavileta tena kwetu. Nilikuwa nazisafisha Jumatatu, Ijumaa ziko vilevile. Nililia mara moja, chooni, nikarudi kuendelea.

Aliyenitoa humo ni Mwalimu Benedikto. Alikuwa akifundisha hisabati kwenye sekondari moja ya vilimani, Umatumbi, ndani kabisa ya Wilaya ya Kilwa, na alikuja kituoni kwa semina. Mrefu, mkimya, miwani yenye vioo vinene, Mkatoliki wa kusali kabla hajafungua hata kopo la maji. Alinitazama nikisafisha mashine ileile kwa mara ya pili siku hiyo.

"Mwanangu," akasema, "kazi hii utaifanya mpaka ustaafu."

Akatoa mfukoni santuri ya kompyuta, yaani CD, iliyofungwa kwenye kitambaa. Ndani yake kulikuwa na mfumo endeshi huria. Kwa wale watakaosoma haya bila kuwa mafundi: mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuzibeba programu nyingine zote, na ukiwa huria maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kusoma ulivyoandikwa, kuurekebisha, na kumpa mwenzake bila kumwomba mtu ruhusa. Tuliuweka kwenye mashine moja. Virusi vya zile flashi havikuuweza. Nilikaa nikaingoja mashine ile iharibike kwa wiki nzima, na haikuharibika, nami sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Mfumo ule ulikuwa kwa Kiingereza. Walimu walibonyeza "Yes" na "No" kwa kubahatisha. Nikaandika kwa watu wanaoutengeneza, ambao wametawanyika duniani na wengi hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, kuuliza lini wataleta Kiswahili. Nilijibiwa na mwanamke aitwaye Ilse, wa nchi moja ya baridi. Alisema Kiswahili kitakuja nitakapokileta mimi. Nilidhani ananitania, kumbe huo ndio utaratibu wao. Nikaanza kutafsiri sentensi moja moja, jioni baada ya kazi, na baada ya tafsiri nikaingia kwenye msimbo wenyewe, yale maandishi ya ndani yanayoiamrisha mashine.

Ilse sikuwahi kumwona uso. Ila yote ninayojua kuhusu kuripoti hitilafu amenifundisha yeye. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa ndefu kama hotuba ya harusi. Nilieleza joto, umeme, uchovu wangu na mwenendo wa mkuu wa kituo. Akanijibu: "Usilie kwenye ripoti. Sema ulifanya nini, ulitegemea nini, umepata nini. Kulia ulie pembeni, halafu urudi." Maneno hayo niliyabandika ukutani. Aliyeyabandua wakati wa kupaka rangi anajijua.

Vifaa nilikuwa navipata kwa Bwana Shabir, kwenye duka ambalo babu yake aliuza vitambaa na baba yake akauza redio. Yeye akaishia kwenye kompyuta mbovu. Nyuma ya duka alikuwa na chumba kizima cha mashine zilizokufa, na hakukubali hata moja itupwe. "Zuhura, kila maiti hapa ana kiungo cha kumpa mwenzie," alikuwa akisema, huku akichokoa ndani kwa bisibisi. Kwake ndiko nilikojifunza kwamba kompyuta ya zamani mara nyingi huanza kufa kwenye saa. Kuna kibetri kidogo cha duara, kama kishikizo cha koti, kazi yake ni kukumbuka saa na tarehe umeme ukizimwa. Kikichoka, kila unapowasha mashine inakuwa haijui iko wakati gani, na inabidi iulizwe na kujibiwa upya.

Sasa nije kwenye kamusi.

Mwalimu Benedikto alikuwa akiandika kamusi ya Kimatumbi. Hakutumwa na mtu. Alisema wanafunzi wake wanaongea Kiswahili mpaka ndotoni, na bibi zao wakifa watafukiwa na maneno yao. Tulimwekea mfumo huria kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, ile kubwa ya mezani, na nyumbani alikuwa na kompyuta ndogo ya mkononi aliyoinunua kwa Shabir. Mfumo ulikuwa na programu ya kutengenezea kamusi: unaandika neno, unaandika maana, yenyewe inalipanga kwa alfabeti. Na ulikuwa na programu nyingine ya kulinganisha. Unachomeka flashi, inatazama faili la kwenye flashi na la kwenye mashine, lililo jipya zaidi inalibakiza, la zamani inalifuta. Ni programu nzuri. Nimeisifu mbele yenu mara nyingi.

Alfajiri, nyumbani, aliandika maneno anayoyajua mwenyewe. Shuleni, wakati wa mapumziko ya saa nne, aliandika ya wazee. Aliyekuja zaidi ni Bibi Mwajuma, mfinyanzi wa vyungu, mdogo wa umbo na mkali wa ulimi. Alikuwa anaingia ofisi ya walimu bila hodi, anakaa kwenye kiti cha makamu mkuu, anadai chai. Kompyuta aliiita televisheni isiyoonyesha mpira. Nilimkuta hapo mara mbili tatu nilipokwenda kukagua mashine.

"We mwana wa Lindi," aliniambia, "hii kitu yenu inasikia au inaangalia tu?"

"Inaandika, bibi. Mwalimu anaiandikia."

"Basi andika hili." Akatoa neno. Maana yake ilikuwa ile sauti ya mtu anayeitikia wito akiwa mbali, kabla hajaonekana: umemwita, hujamwona, lakini sasa unajua kwamba yuko. Kiswahili hakina neno moja la hivyo, wala Kimwera cha mama yangu. Mwalimu Benedikto aliandika akatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Bibi akamwambia asome. Akasoma. Bibi akasema ametamka kama padri, na chai yake imepoa.

Ilikwenda hivyo kwa miaka. Mwalimu hakuwa na tabia ya kurudi nyuma kusoma alichokwisha kuandika. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Alikuza maandishi mpaka kioo kizima kikabeba maneno matatu manne tu. Aliona kamusi inanenepa, akaridhika. Katika miaka hiyo wazee wengine waliokuwa wanamletea maneno walikufa, mmoja mmoja, na kila msiba alisema, "Angalau ameacha kitu kwenye mashine."

Siku moja Bibi Mwajuma alikuja na mjukuu wake, akataka asomewe lile neno lake la mtu aitikiaye kutoka mbali. Mwalimu akatafuta. Halikuwepo. Akatafuta la pili, la udongo uliokataa kushikana. Halikuwepo. Akanipigia simu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilipanda basi mpaka Nangurukuru, nikamaliza safari kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Niliingia ofisini nikawakuta wote wawili wamekaa mbele ya mashine.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo bibi."

"Marahaba," wakasema. Bibi hakutania.

Mashine ilikuwa imeshawashwa. Nikaangalia pembeni mwa kioo, mahali pa saa. Nje jua lilikuwa linachoma bati. Watoto walikuwa kwenye mapumziko yao. Mashine ilisema ni alfajiri.

"Mwalimu, hii saa nani ameiweka?"

"Mimi. Naiweka kila siku nikiwasha. Inaniuliza tarehe, naijibu; inaniuliza sasa ni saa ngapi, naiambia saa nne."

Nilikaa chini. Nadhani mmeshaelewa, maana nyinyi ni mafundi, lakini niliandike kwa ajili ya mwingine. Kibetri cha saa kilikuwa kimekufa. Kila asubuhi mashine iliuliza saa kwa Kiswahili nilichokitafsiri mimi, na Mswahili akiulizwa saa kwa Kiswahili anajibu ya Kiswahili. Saa nne asubuhi. Akaandika nne. Kwa mashine, inayohesabu kuanzia usiku wa manane kama Wazungu walioitengeneza, nne ni saa kumi ya alfajiri. Ile ya nyumbani ilikuwa na kibetri kizima, na Shabir aliiwekea saa ya Kizungu tangu dukani. Kwa hiyo aliyoyaandika nyumbani kabla ya kwenda shule yalionekana ni mapya, na aliyoyaandika shuleni baadaye yalionekana ni ya zamani. Akichomeka flashi yenye faili la nyumbani kabla ya kuondoka shuleni, programu ya kulinganisha ilitii amri: ilibakiza jipya, ikafuta la zamani. Kila siku. Kwa adabu, bila kupiga hata kelele.

Nikawaeleza polepole. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Yaani yaliyobaki," akasema, "ni yale ninayoyajua mimi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hayo si nilikuwa nayo kichwani? Hayo yalikuwa yanakwenda wapi?"

Nilijaribu kufukua kwenye diski mchana kutwa kwa kila chombo nilichokuwa nacho, lakini faili lilikuwa limeandikwa juu ya lenyewe mara zisizo na idadi, na chini yake hakukuwa na kitu. Bibi Mwajuma ndiye aliyesema kwanza.

"Televisheni yenu imekula marehemu." Kisha akamgeukia Mwalimu. "Lete chai, tuanze upya. Mimi bado sijafa."

Nikabadilisha kibetri. Walianza upya. Bibi alikuja siku chache, kisha masika yakamlaza na kifua, na hakuinuka. Nilipata habari nikiwa kazini, nikiwa nimeshika bisibisi. Niliiweka mezani nikaenda kusimama nje, na mpaka leo nikikumbuka naumia palepale. Maneno aliyoyarudia yalikuwa machache. Lile la mtu aitikiaye kutoka mbali hakuwa amelifikia. Alisema atalitoa la mwisho kwa kuwa ndilo alilipenda.

Baada ya arobaini Mwalimu alinipigia. Alisema, "Zuhura, yangu yamekwisha. Lakini mashine hizi ziko Pande, ziko Likawage, ziko kila mahali mlipozipeleka. Kila mahali kuna mtu anaulizwa saa na anajibu kama mimi. Zuia hilo." Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizofanya, na hamtaikuta kwenye taarifa yoyote ya mwaka.

Nilichotaka ni kidogo. Mtu anayetumia mfumo kwa Kiswahili aulizwe saa kwa hesabu yetu, na aulizwe kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mashine yenyewe ndani ibadilishe iweke hesabu yake. Nikaandika kiraka, yaani kipande cha msimbo cha kurekebisha, nikakituma na ripoti isiyo na machozi. Nilifanya nini, nilitegemea nini, nimepata nini.

Wakuu wa mradi walijibu. Mmoja, aliyejiita kwa jina la ndege fulani wa kwao, aliandika kwamba hitilafu hii si ya mfumo, watumiaji wafundishwe kuweka saa sahihi. Nilisoma neno "sahihi" nikafunga kompyuta nikaenda kukaanga samaki. Niliporudi nikaandika kwamba saa ya Mwalimu ilikuwa sahihi. Mlango wa ofisi ulijua ni saa nne, kengele ya shule ilijua, bibi mwenye kiu ya chai alijua. Kitu kimoja tu mle ndani kilikuwa hakijui, na hicho ndicho tulichokitengeneza sisi. Akajibu kwamba ni hitaji la watu wachache. Nikamwuliza amehesabu Waswahili wangapi. Ilse akaniandikia pembeni nipunguze pilipili.

Mabishano yalichukua miaka. Kiraka kilirudishwa kwangu kwa sababu ya nafasi zilizoachwa pembeni mwa mistari, kikarudishwa kwa sababu ya jina, kikasahauliwa, kikafufuliwa. Kila mfumo ulipobadilika nilikiandika upya ili kiendane nao. Mwishowe Ilse alikipitisha kwa idhini yake mwenyewe, na wiki hiyohiyo akatangaza kwamba anaacha mradi. Aliandika mstari mmoja: amechoka. Nilimwandikia barua pepe ya shukrani, na hakujibu. Simlaumu.

Nilitaka kumpigia Mwalimu kumpa habari, lakini nikasoma tangazo mpaka chini kwanza. Toleo lile lenye saa ya Kiswahili lilikuwa la kwanza kuachana na kompyuta za zamani. Halingewaka kwenye mashine za kontena, zile za Pande, Likawage na vilimani, ambazo ndizo zenye vibetri vilivyokufa. Kwenye mashine mpya za Dar lingewaka vizuri sana, ila hizo zinajiwekea saa zenyewe kwa intaneti na hazimwulizi mtu kitu.

Mmoja wenu, simtaji, aliniambia, "Madam, hizo mashine zimekula umri, zipigeni chini tu." Alikuwa na haki ya kusema. Mimi nilichukua msimbo wa toleo jipya, nikaupunguza na kuukata mpaka ukakubali kuwaka kwenye mashine za zamani, na nikaendelea kuukata kila toleo lilipotoka. Ile kompyuta ya kona iliyokuwa inanguruma mchana kutwa mkalalamikia joto lake, ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Nilizizungukia shule moja moja, na vilimani nilikwenda mwisho. Nilijiambia ni kwa sababu ya njia.

Nilikwenda wiki ya mwisho ya ajira yangu. Mwalimu Benedikto ameshastaafu zamani, lakini shule ilimwachia kompyuta ile ya mezani, iko sebuleni kwake imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Macho yamebaki ya kuona mwanga na kivuli. Shikamoo yangu aliijua kabla sijamaliza kuitamka.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ile kitu?"

Nikauweka mfumo. Kibetri kipya, maana kile nilichomwekea zamani nacho kilikuwa kimeshakufa, nilikuwa nimekisahau Lindi, juu ya meza ya Shabir, na labda ilikuwa bora. Mashine ilipowaka ikauliza kama kawaida yake. Nikamsomea: "Sasa ni saa ngapi?"

Akageuza uso kuelekea mlangoni, akasikiliza watoto wa shule kwa mbali wakitoka kwa kelele.

"Saa nne," akasema. "Asubuhi."

Nikaandika. Mashine ikapokea, na pembeni mwa kioo ikaandika saa nne asubuhi, na ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anayepaona, ikaweka hesabu yake sawasawa. Nilimwambia imekubali. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Uso ulikuwa bado umeelekea mlangoni.

"Fungua kamusi," akasema. "Tuliweke lile lake."

Nikafungua. Akapapasa vibonyezo, akaanza na maana, kwa kuwa maana alikuwa nayo kamili: sauti ya mtu anayeitikia wito akiwa mbali, kabla hajaonekana. Vidole vilikwenda bila kukosea. Nikakisogeza kishale kwenye nafasi ya neno, nikamwambia, "Hapa sasa, Mwalimu." Akaweka mikono tayari.

Tulikaa. Watoto wakaingia madarasani. Alisogeza midomo mara kadhaa, kama anaonja kitu, kisha akaiondoa mikono akaiweka magotini.

"Ninalisikia alivyolisema," akaniambia. "Sauti yake ninayo. Neno sina."

Mimi pia nilikuwepo siku ile alipolisema, na mimi pia sina. Kwa kutojua la kufanya nikabonyeza kuhifadhi, angalau maana ibaki. Programu ikakataa. Kikatokea kisanduku kidogo katikati ya kioo, na Mwalimu akaniuliza kinasema nini. Ilikuwa ni mojawapo ya sentensi nilizozitafsiri mwanzo kabisa, jioni zile baada ya kazi, nikiona fahari kwa kila moja.

"Kinasema, tafadhali andika neno kwanza."